Sufuria Juu ya Antena

Mungai alipoapa kwamba atafunga wakshop yake, mkewe Waiyego alikuwa ameketi nje ya banda la kuku akichambua maharagwe, na kiapo chenyewe kilimpita masikioni kama tangazo la mkutano usiomhusu. Ni mpaka alipofika kwenye lile rundo dogo la mwisho, lenye vijiwe vingi, ndipo akili ilipogutuka. Atafunga? Na akishafunga, mchana atakuwa anakaa wapi?

Alisimama ghafla, nusu ya maharagwe ikamwagikia kuku, ambao hawakulalamika.

Wakshop ya Mungai ilikuwa chumba cha mabati kando ya nyumba yao kule Munyaka, mjini Eldoret, hatua kumi na tano kutoka jikoni. Waiyego aliamini hatua hizo ndizo zilizoifikisha ndoa yao miaka arubaini na moja. Asubuhi mzee alikunywa chai, akavaa koti lake la bluu, akavuka. Saa saba akarudi kula, akavuka tena. Miaka thelathini alitengeneza redio: kwanza zile kubwa za betri sita, na watu walipoanza kusikiliza habari kwa simu, akahamia redio koli, zile za kushika mkononi ambazo ukimaliza kusema unasema "ova". Walinzi walizileta, mashamba makubwa ya mahindi yalizileta, wabeba maziwa walizileta.

Mke mwingine angefurahi mume apumzike. Waiyego alikuwa ameshaonja. Mwaka juzi Mungai aliteguka mguu akakaa nyumbani wiki mbili. Siku ya pili alimwambia mkewe kwamba vitunguu anavikata vinene. Siku ya nne aliupima ugali kwa saa ya mkono, akasema umezidisha dakika mbili motoni. Siku ya saba alibandika vikaratasi kwenye mikebe yote: CHUMVI, SUKARI, MAJANI, kana kwamba miaka yote hiyo Waiyego alikuwa anakoroga chai na sabuni ya unga. Mguu ulipopona alimsindikiza mwenyewe mpaka mlango wa wakshop, amemshika mkono kwa upole, na majirani wakasema, tazama mapenzi.

Sasa hiki kiapo. Aliyekichokoza ni Jemutai, karani wa chama cha maziwa cha Kapsirwa, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mwenye sauti ya kuita ng'ombe upande wa pili wa bonde. Malori yake ya kukusanya maziwa hupita mahali simu hazishiki, kwa hivyo madereva wana redio koli, na zote zilikuwa zimepimwa na Mungai. Zilisikizana vizuri. Shida ilianza chama kiliponunua redio sita mpya kutoka Nairobi.

"Mzee, za zamani zikiongea, hizi mpya zinasikia mtu ana ugali mdomoni," Jemutai alisema akiwa mlangoni, redio moja kila mkono. "Mpya zikiongea, za zamani zinasikia bata. Juzi lori limekaa darajani tangu asubuhi mpaka saa nane, dereva anangoja niseme kitu anachoelewa. Maziwa yote yameganda. Ingekuwa mursik ya kibuyu tungeshukuru Mungu, lakini hayo yalikuwa ya kupeleka kiwandani."

"Basi hizo mpya ni mbovu. Zirudishe."

"Nilizipeleka kwa Kipyego kule mjini. Amesema hizo mpya ziko sawa." Jemutai alishusha sauti, yaani sasa ilisikika nyumba tatu tu. "Amesema labda kipimo chako cha mawimbi kimezeeka, Mzee."

Hata kuku walisikia. Kipyego alijifunza kazi katika chumba hicho hicho, miaka kumi iliyopita.

"Kipyego," Mungai akasema polepole, "nilimpokea hapa akishika bisibisi kama kijiko cha uji." Akavua miwani, akaifuta, akaivaa. "Sikia, Jemutai. Nitaunda kipimo cha kupima vipimo. Kitachukua saa yake kutoka kwa setilaiti, na setilaiti haina rafiki wala adui. Kikisema kipimo changu kiko sawa, Kipyego atakuja hapa aniombe msamaha. Kikisema kimekosea, mimi nafunga hii wakshop Jumamosi hiyo hiyo na ufunguo nampa Mama Nduta."

Mama Nduta ndiye Waiyego, kwa jina la binti yao aliyeolewa Nakuru. Na Mungai hakuwa mtu wa kuapa ovyo. Mara ya mwisho aliapa kuacha sigara, mwaka ule Nduta alizaliwa, na tangu siku hiyo hata kiberiti hakushika.

Kazi ikaanza. Mungai alienda kwa mtu wa vyuma vikuukuu kule Langas, akarudi na kijisanduku cha chuma kisichozidi kipande cha sabuni ya kufulia, kimetolewa kwenye mtambo wa simu uliotupwa. Ndani yake, alisema, kuna kristali inayotetemeka mara milioni kumi kwa sekunde, na imefungiwa kwenye kitanuri chake ili isisikie baridi wala joto la nje. Akaagiza kipokezi cha setilaiti, kadi ndogo kama ukucha wa jogoo, na antena yake bapa, saizi ya mandazi. Wiki tatu alilehemu waya nyembamba kama nywele, miwani mbili puani, moja juu ya nyingine.

Waiyego alikuwa anampelekea chai ya saa nne, na kwa kuwa alisoma mpaka darasa la saba na kichwa hakijawahi kuota kutu, aliuliza.

"Kristali ni nzuri, inaendesha sekunde sawa sawa," Mungai alimweleza. "Lakini ukiiacha miezi, inapotea polepole, yenyewe haijui. Sasa setilaiti inapiga mpigo mmoja kila sekunde. Huo mpigo unayumba kidogo kidogo ukiwa njiani, lakini kwa siku nzima haupotei hata kidogo. Kwa hivyo unasikiza kristali kwa mambo ya sasa hivi, na unasikiza setilaiti kwa mambo ya kesho. Mashine inalinganisha, ikiona kristali imeanza kwenda kombo, inairudisha pole pole. Haipigi kelele. Inasukuma tu."

"Kama bibi na bwana."

"Ehe, kama bibi na bwana."

"Na setilaiti ni nani kati yetu?"

Mungai alirudi kwenye waya zake, kama mtu aliyeona shimo barabarani akapita kando.

Chombo kilipokamilika alikiweka kwenye kona, mbali na dirisha. Akakataza mlango kuachwa wazi. Akakataza kukisogeza. Akakataza kuweka kikombe karibu. Ukikigusa kilikuwa na joto kama mtu mwenye homa kidogo, na kilikuwa na taa moja: nyekundu kabla ya kuzipata setilaiti, kijani kikizishika.

"Huyu mimi namjua," Waiyego alisema, amekunja mikono. "Anakaa konani, hataki upepo, hataki kusogezwa, ana joto lake, na kazi yake ni kuwaambia wengine wamekosea. Huyu ni mama mkwe."

Na jina likashika. Hata Mungai, bila kutaka, siku ya pili alisema, "Leo Mama Mkwe ameamka vizuri."

Antena ilitakiwa kuona mbingu yote. Mbele ya nyumba kulikuwa na mparachichi, upande wa barabara ghorofa ya jirani. Mahali palipobaki wazi ni juu ya mabati ya banda la kuku, huko nyuma, na hapo ndipo ilipobandikwa, waya ukapitishwa chini ya ukingo wa paa mpaka wakshop. Mungai aliibandika mbio mbio, kwa sababu jogoo alikuwa hampendi kabisa, na baada ya hapo hakurudi huko tena. Alisema Mama Mkwe anahitaji siku moja ya kujua amekaa wapi duniani, halafu siku mbili tatu za kutulia bila kukatizwa. Taa ikikaa kijani siku tatu, ndipo ataamini atakachosema.

Siku ya kwanza, mchana, mvua ya mawe ikaja. Mungai alikuwa ameenda mjini kutafuta plagi. Waiyego alitoka kukusanya vifaranga, akaona mawe yanadunda juu ya kile kimandazi cha antena, akakihurumia, kwa kuwa alijua kilivyoagizwa mbali. Akachukua sufuria ya maharagwe, akaifunika.

Mvua ilipopita aliingia wakshop kuona kama paa limevuja. Taa ilikuwa nyekundu.

Alisimama hapo. Akatoka, akafunua sufuria, akarudi. Alingoja kama muda wa kumenya viazi vitatu. Kijani. Akatoka, akafunika tena, akarudi. Nyekundu.

"Haiya," akasema.

Mungai aliporudi sufuria ilikuwa jikoni na taa ilikuwa kijani, na Waiyego alikuwa anasonga ugali huku anafikiria. Hakujua kama kipimo cha mumewe kilikuwa sawa au kimekosea. Lakini Jemutai alikuwa ameongea kama mtu asiye na sababu ya kusema uongo, na Kipyego alikuwa kijana wa akili. Ikiwa Mama Mkwe hatatulia, hatasema kitu. Asiposema kitu, hakuna Jumamosi. Hakuna ufunguo. Hakuna mtu jikoni na saa ya mkono.

Asubuhi iliyofuata, saa nne, baada ya kupeleka chai, alipitia nyuma ya nyumba na sufuria.

Alifanya hivyo siku tatu. Si mchana kutwa, la, hakuwa mjinga. Nusu saa hapa, saa moja pale, ya kutosha kumvuruga mama mkwe yeyote. Siku ya pili Mungai alisema kwa sauti kutoka wakshop, "Wacha nikaangalie hiyo antena," na Waiyego, miaka sitini na saba na magoti yake yote mawili, alifika bandani kabla yake, akaificha sufuria chini ya gauni, akabaki amesimama kama mwanamke anayeongea na kuku. Mungai aliichungulia antena kwa mbali. Jogoo alinyoosha shingo. Mungai akarudi.

"Umesimama vibaya," alimwambia mkewe akipita. "Ni mgongo?"

"Ni uzee," Waiyego akajibu, na sufuria ikagonga goti.

Alicheka peke yake mpaka jioni. Lakini siku ya nne alipopeleka chai hakukuta alichozoea. Mungai alikuwa amefungua Mama Mkwe, amemtandaza mezani vipande vipande. Chai ya jana ilikuwa bado pale, imeganda utando juu. Alikuwa ameshika chuma cha kulehemu, na mkono ulikuwa unatetemeka, si sana, kama jani wakati hakuna upepo ila kuna mtu amepita.

"Mama Nduta, hebu nishikie hapa. Huu waya."

Aliushika. Yeye akalehemu, akakosa, akalehemu tena.

"Nimelehemu upya kila mahali," akasema. Hakusema kwa uchungu, alisema kama mtu anayesoma mita ya maji. "Kijani inakuja, inaenda. Ni mahali fulani sikushika vizuri. Zamani ningepajua kwa kuangalia tu." Akaweka chuma chini. "Mikono yangu imeanza kuniacha. Labda hata hakuna haja ya kupima. Mtu ambaye hawezi kuunganisha waya nane asingojee setilaiti imwambie."

Waiyego alikaa kwenye stuli. Hakuwa ameifikiria hiyo. Alitaka kumzuia mtu asipate jibu, na badala yake alikuwa amempa jibu baya kuliko lote, na la uongo.

"Waya wako hauna neno," akasema.

"Wewe unajuaje?"

"Najua. Rudisha Mama Mkwe vile alikuwa, umwache. Usimguse siku tatu. Mimi nitaomba."

Mungai akamtazama kwa sababu Waiyego hakuwa mtu wa kuombea mashine. Lakini akarudisha. Na Waiyego alienda nyuma, akachukua sufuria, akapika maharagwe ndani yake siku hiyo hiyo, akayaacha yachemke mchana kutwa ili asiwe na kitu cha kufunikia hata akitaka.

Siku tatu, taa haikupepesa. Waiyego aligundua kwamba naye anaichungulia, akipita na ndoo, akipita na kuni, hata akipita bila kitu. Mbele ya macho yake Mungai alinyooka mgongo. Alianza tena kupiga mluzi. Siku ya tatu, Alhamisi, saa tano asubuhi, alimwita.

Kile kipimo chake cha zamani, sanduku la kijivu lenye tarakimu nyekundu, kilikuwa kimewashwa tangu alfajiri kipate joto. Akachukua waya kutoka kwa Mama Mkwe, akauchomeka. Kama kipimo kilikuwa sawa, kingesoma milioni kumi bila kuongeza wala kupunguza.

Tarakimu zilizunguka, zikasimama. Milioni kumi na sitini.

Mungai alichomoa, akachomeka. Milioni kumi na sitini. Akangoja dakika tano kwa saa ya mkono. Sitini ilikuwa imekaa pale, haina haraka.

"Sitini tu?" Waiyego akauliza. "Kwa milioni kumi? Hiyo ni nini?"

"Ni kama punje mbili za mahindi kwa gunia zima."

"Punje mbili! Kuku wangu mmoja anabeba hizo akipita tu."

"Redio si kuku. Huko juu kwenye mawimbi zinakofanyia kazi, punje mbili zinakuwa ukuta." Mungai aliketi, mikono juu ya magoti, na haikutetemeka. "Zote nilizipima na hiki. Zote zimekosea kwa kiasi kimoja. Ndiyo maana zinasikizana zenyewe kwa zenyewe."

"Kama familia."

Hapo Mungai alicheka, kicheko kifupi cha puani. Kisha akachukua simu, akampigia Jemutai, akamwambia Kipyego alisema kweli. Alisema maneno hayo yote, hakumung'unya hata moja.

Na Jumamosi saa kumi alifagia wakshop, akafunika vyombo kwa shuka, akafunga, akavuka, akaweka ufunguo mbele ya mkewe. Mama Mkwe tu ndiye hakumzima. Akasema atamzima kesho. Halafu akavuta kiti cha jikoni, akakaa, akatazama sufuria.

"Huo moto si mkali sana?" akauliza.

Waiyego aliinuka. Alitafuta kalamu.

Kila Jumapili kanisani mwao, kabla ya sadaka ya pili, karani wa kanisa, dada mmoja mpole aitwaye Faith, husoma matangazo: harusi, mazishi, mkutano wa akina mama, mtu aliyepoteza kitambulisho. Faith husoma chochote kilichoandikwa kwa mwandiko safi, na mwandiko wa Waiyego ulikuwa wa darasa la saba la zamani, herufi zimesimama kama askari. Mungai alikuwa ameketi safu ya pili na wazee wenzake Faith alipofika kwenye karatasi ya mwisho.

"Fundi Mungai wa Munyaka anatangaza kwamba kipimo chake cha redio kilikuwa kimekosea. Hakushikwa na mtu, amejishika mwenyewe. Wote wenye redio koli alizopima miaka hii ya karibuni wazilete azinyooshe bila malipo. Kuanzia kesho saa mbili asubuhi."

Mzee Lazarus, ambaye husinzia kuanzia wimbo wa kwanza, akasema "Amina" kwa mazoea, na nusu ya watu wakamfuata.

Njiani kurudi nyumbani Mungai alitembea mbele hatua tatu mpaka walipopita kituo cha mafuta. Ndipo alipopunguza mwendo.

"Umenivua nguo mbele ya kanisa."

"Nimekuvua koti tu. Na wewe uliapa mbele ya kuku wangu bila kuniuliza."

"Mimi nimefunga, Mama Nduta. Niliapa."

"Umefunga, sawa. Na hizo redio umeziacha zimepinda huko duniani, nani atazinyoosha? Dereva wa Jemutai atakaa darajani mpaka lini? Uliapa kufunga, hukuapa kuwaachia watu makosa yako wayabebe. Maliza kwanza kazi, ndipo ufunge."

Mungai alitembea kidogo.

"Kuna kitu kingine," akasema. "Mama Mkwe huandika kila kitu. Juzi usiku, kabla sijafunga, nilikaa nikasoma. Zile siku tatu, setilaiti zilikuwa zinapotea zote kwa mara moja. Kumi na moja, halafu sifuri. Zinarudi zote kwa mara moja. Na kila siku zinaanza kupotea saa nne na robo, baada ya chai." Akasimama. "Waya mbovu hauangalii saa. Ni nini ulifunika?"

Waiyego aliangalia upande wa pili wa barabara, ambako hakukuwa na kitu cha kuangalia.

"Sufuria," akasema.

"Sufuria gani?"

"Ya maharagwe."

"Kwa nini?"

Angeweza kusema mvua ya mawe. Kwa siku moja ingekuwa hata kweli. "Sikutaka ukae jikoni," akasema. "Halafu nilipokuona umeshika kile chuma, mkono unacheza, nikaona nimekuibia kitu. Mikono yako haijakuacha, Baba Nduta. Ilikuwa mimi. Nisamehe."

Pikipiki mbili zilipita, moja imebeba kitanda. Mungai alingoja vumbi lishuke.

"Nilikuwa nimeamini," akasema taratibu. "Siku hizo tatu, nilikuwa nimeamini kabisa nimekwisha."

"Najua."

Walitembea tena, sasa sambamba, mpaka wakafika kwenye kona yao.

"Kwani mimi jikoni niko aje?" Mungai akauliza.

Waiyego akamwambia. Alianzia vitunguu, na walipofika langoni bado hajafika kwenye mikebe.

Jumatatu, kabla ya saa mbili, lori la maziwa lilikuwa limeziba barabara yao yote. Jemutai alishuka na kreti mbili za maziwa zilizojaa redio koli, antena zimetokeza juu kama vitunguu vya majani.

"Thelathini na nne, Mzee! Nyingine nimempokonya dereva akiwa anaongea! Chamgei, Mama!" akamsalimia Waiyego.

Nyuma yake walikuwa walinzi wawili wa shamba la mahindi, na mwanamke aliyeleta pasi, kwa kuwa alisikia neno "nyoosha" na neno "bila malipo" na hayo yalimtosha. Mungai alitoka jikoni na kikombe mkononi. Aliwaangalia. Akaenda mpaka aliposimama Waiyego, akanyoosha kiganja.

"Ufunguo."

"Upi?"

"Waiyego."

Akampa.

Kazi ilikuwa ya kutulia. Kwanza Mungai alikinyoosha kipimo chake, akazungusha skrubu ndogo huku amezuia pumzi mpaka ile sitini ikawa kumi, ikawa mbili, ikawa sifuri tupu. Kisha redio moja moja. Kila iliyopita aliiandika tarehe kwa rangi nyeupe chini ya betri. Saa sita Jemutai alisimama barabarani na mojawapo ya zile mpya za Nairobi, Mungai akashika ya zamani mlangoni.

"Mzee, unanisikia? Ova."

"Nakusikia kama uko jikoni. Ova."

"Basi songa kando nipite, nimebeba maziwa!" Jemutai akapiga kelele, na walimsikia mara mbili, kwa redio na kwa hewa.

Kufikia Jumanne jioni zilikuwa zimebaki tisa. Waiyego alizihesabu mara mbili akipita na ndoo, na hakupenda alichohesabu. Tisa ni kazi ya asubuhi moja. Kisha itakuwa shuka juu ya vyombo, na safari hii hakuwa na karatasi nyingine ya kumpa Faith.

Jumatano, saa tano, Kipyego alikuja. Alikuwa mrefu, shati safi, mkoba mgongoni, na alisimama mbali kidogo na mlango kama siku ya kwanza alipokuja kuomba kazi.

"Mzee, habari ya kazi."

"Nzuri. Ingia. Funga mlango, huyu hapendi upepo." Mungai aliweka bisibisi chini. "Ulisema kweli, Kipyego. Nilikutukana mbele ya Jemutai, na ulisema kweli."

"Aa, Mzee, tuwache hiyo." Kijana aliangalia sakafu. "Mimi nilikisia tu. Redio mpya zilikataa zako, nikasema labda ni zako. Lakini hata changu sijawahi kukipima na kitu. Nilikinunua, nikakiamini." Akafungua mkoba, akatoa kipimo chake, kidogo, cheusi, kimefungwa kwa sweta. "Nimesikia una mashine. Sijalala vizuri tangu Jumapili. Nimepima redio za ambulensi na hiki."

Mungai alikipokea kwa mikono miwili. Alikigeuza, akakisoma nyuma, akakiweka mezani kando ya Mama Mkwe, si karibu sana. Akachomeka umeme. Kipyego akanyoosha shingo kuona tarakimu.

"Usiangalie sasa," Mungai akasema. "Kikiwa baridi kitakudanganya, na wewe utaenda nyumbani na wasiwasi wa bure. Kiache kipate joto. Rudi Ijumaa."

"Ijumaa?" Kipyego alisita. Aliangalia shuka iliyokunjwa kwenye kona, akamwangalia Waiyego aliyekuwa mlangoni na birika, akarudi kwa mzee. "Lakini watu wanasema umefunga, Mzee. Ijumaa utakuwa bado uko?"

Mungai alikuwa ameshachukua redio inayofuata na kuifungua mgongo. Alipuliza vumbi ndani yake, akaweka miwani ya pili juu ya ile ya kwanza.

"Saa mbili," akasema. "Na uje na zile za ambulensi."

Waiyego akatafuta kikombe cha tatu.